Kasha la bibi, kuta za unyevu na fundi wa chokaa

Kilichonifanya nitafute fundi wa pili ni kasha la bibi. Lilikuwa limeegemea ukuta wa chumba cha chini, pale pale lilipokaa tangu mie mdogo. Siku moja mwezi wa nne mwaka 2024, masika yamepamba moto, nikalifungua nitoe kanga ya kwendea mazikoni, nikapokewa na uvundo. Kanga za juu zilikuwa salama. Zile zilizogusa ubao wa nyuma zilikuwa zimeota koga, kijani kilichoiva na weusi. Kisutu cha bibi, nacho ni aina ya kanga, nilipokikunjua kilikuwa kimebaki na alama ya mikunjo yake yote, mstari kwa mstari, utasema mtu kaichora kwa makaa. Nilikifua mara nne. Madoa hayakutoka.

Kwa hiyo haya ninayoyaandika ni tathmini ya kazi ya chokaa aliyotufanyia fundi mmoja mzee, lakini siwezi kuieleza bila ya kueleza kwanza kazi nyingine niliyoilipia kabla yake. Mwenye nyumba ya mawe asome mpaka mwisho kabla hajanunua mfuko hata mmoja wa saruji.

Nyumba yetu iko Kiponda, ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, pahala ambapo gari haifiki na jua linafika chini muda mfupi tu. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, nene kiasi cha nusu mita, na dari ni boriti za mikoko. Chini kuna ukumbi na chumba kilichokuwa cha bibi, ambamo sasa analala mdogo wangu na mwanawe wa miaka sita. Kuta za upande wa kichochoroni, za vyumba hivyo viwili, ndizo zilizotusumbua.

Tangu utotoni nakumbuka zikitoka jasho wakati wa mvua. Lakini jasho lile lilikuja na kuondoka. Kila mwaka, mwezi wa Shaabani, bibi alikuwa akiita watu wapake chokaa nyumba nzima, kuanzia ukumbini mpaka chooni, ili Ramadhani iingie nyumba ikiwa nyeupe. Tukirudi skuli tunaipata harufu ya chokaa mbichi kutoka kichochoroni, na ukiegemea ukuta sare yako yote inakuwa unga. Bibi alipofariki tukaona chokaa ni mambo ya zamani na inachafua nguo. Tukapaka rangi ya mafuta, ile inayong'aa, kuanzia kiunoni kuja chini, ili iwe rahisi kupangusa. Balaa lilianzia hapo, ila hatukulijua.

Septemba 2023 nikaita kampuni moja ya ukarabati. Siitaji jina, maana nia yangu si kumharibia mtu riziki. Walikuja vijana wawili, wakaangalia ukuta wakiwa wamesimama mlangoni, dakika tano hazikutimia. Wakasema lipu ya zamani imeoza, dawa yake ni kuibandua, kupiga lipu mpya ya saruji iliyotiwa dawa ya kuzuia maji, na juu yake kupaka rangi ya kuzuia unyevu. Siku nne kazi ikaisha. Nililipa shilingi 1,450,000 pamoja na vifaa, nusu yake akitoa kaka yetu aliyeko Maskati. Ukuta ulikuwa umenyooka, mweupe, ukipitisha kiganja kinateleza. Nikaupiga picha nikampelekea kaka, sote tukafurahi.

Vuli ile ikaja na El Nino, na mvua ikawa haijui kukatika. Kufika Disemba ukuta wa chumbani ukaota malengelenge. Nilichukua sindano ya kushonea nikatoboa lengelenge moja, kubwa kiasi cha nusu ya ndimu. Yakatoka maji, matone machache, yakateremka juu ya rangi. Yalipokauka, mchirizi wake ukabaki mweupe wa chumvi. Nikavuta ile rangi, ikachunika kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, na saruji ya nyuma yake ilikuwa imelowa tepetepe.

Jambo lililonitia hofu zaidi ni kimo. Miaka yote unyevu ulikuwa unaishia kiunoni. Sasa ulikuwa umepanda ukapita kidaka tunachowekea msahafu, na majalada ya vitabu vya chini yakaanza kuwa na madoadoa. Nyuma ya kitanda, pembeni, koga nyeusi ilitanda upana wa sinia. Mtoto akaanza kukohoa usiku, kifua kinapiga filimbi. Daktari kabla hajaandika dawa alituuliza chumba anacholala kikoje, akatueleza kwamba unyevu na koga ndani ya nyumba vinahusishwa na pumu, na kwamba Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo wa jambo hilo tangu mwaka 2009. Usiku huo huo tukamhamishia mtoto juu.

Niliwapigia wale vijana. Wakaja, wakasugua ukuta kwa jiki, wakapaka mkono mwingine wa rangi ile ile, wakachukua 120,000. Baada ya wiki tatu koga ilikuwa imerudi pale pale, na imepata majirani. Mdogo wangu akawa anafukiza udi asubuhi na jioni ili wageni wasisikie uvundo. Nilimwacha kwa siku kadhaa, kisha nikamwomba aache, maana moshi nao unamkaba mtoto, na udi haujapata kukausha ukuta.

Fundi wa chokaa nilielekezwa na ami yangu, ambaye husali naye msikiti mmoja. Ni mtu mzima, anakaribia miaka sabini, na kazi ameifanya katika nyumba nyingi za mjini. Aliniambia alibeba karai wakati ile Dispensari ya Zamani ya pale Forodhani kuelekea Malindi inatengenezwa na taasisi ya Aga Khan, miaka ya tisini, na hapo ndipo alipojifunza chokaa kwa mafundi waliomtangulia. Namba yake siiweki hapa kwa sababu hakunipa ruhusa. Ukiulizia waashi wa chokaa misikiti ya Kiponda na Malindi utafikishwa.

Alikuja siku ya Ijumaa baada ya sala, mikono mitupu. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, lakini hakuingia ndani. Akakaa barazani, akainua uso, akawa anatazama juu ya nyumba kwa muda mrefu. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Maji ya paa lenu yanaangukia wapi, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Nimezaliwa nyumba ile na sikuwahi kuangalia.

Tukapanda juu. Mlizamu wa upande wa kichochoroni, yaani mfereji wa kutolea maji ya paa, ulikuwa umekatika karibu kabisa na ukuta, umebaki kisiki. Maji ya mvua badala ya kurushwa mbali yalikuwa yanateremka na ukuta kutoka paani mpaka chini, kila mvua, kwa miaka ambayo hakuna anayeihesabu. Akashuka ghorofani, akaingia choo cha juu, akafungua maji, akaweka kiganja ukutani nyuma ya bomba, akanyamaza. Kisha akaniambia niweke changu. Ukuta ulikuwa wa baridi na unateleza. Bomba lilikuwa linavuja ndani kwa ndani. Mwisho tukatoka nje, akanionesha kwamba kichochoro kimemwagwa zege mara kwa mara, tabaka juu ya tabaka, mpaka sasa kipo juu ya sakafu yetu kiasi cha shubiri moja. Maji ya kichochoro yanasimama yakiegemea ukuta wetu. Na sisi ndani tulikuwa tumetandika vigae vya kung'aa, kwa hiyo unyevu wa ardhini, uliozoea kutokea sakafuni, ulibaki na njia moja tu: ukutani.

Ndipo alipoingia chumbani. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kuanzia chini akipanda, na mie nikisikia mlio unavyobadilika, hapa mzito, pale mtupu kama anagonga mtungi. Akakwangua ule unga mweupe uliotoka kwenye ufa, akautia ulimini. "Chumvi," akasema. Akaomba karatasi ya foili ya jikoni na utepe wa gundi. Akakata vipande viwili, kila kimoja cha ukubwa wa daftari, akabandika kimoja ukuta wa kichochoroni na kingine ukuta wa ndani unaotenga ukumbi na chumba, akaziba kingo zote nne. Akasema atarudi Jumapili, nisiviguse.

Jumapili akavibandua mbele yangu. Cha ukuta wa kichochoroni, uso wa mbele ulikuwa mkavu na uso wa nyuma, ule uliogusa ukuta, ulikuwa umejaa matone. Cha ukuta wa ndani kilikuwa kikavu pande zote. Maana yake maji yetu yanatoka ndani ya ukuta, si pumzi na mvuke wa watu wanaolala chumbani. Matone yangekuwa mbele, angenishauri madirisha na feni, wala asingechukua kazi. Hapo mie nilishaamua nimpe kazi yeye, hata kabla hajataja bei.

Alinieleza hivi, na nakumbuka maneno yake: "Ukuta wa mawe unakunywa maji, mwanangu. Huwezi kuukataza. Bibi yako hakuukataza, aliuacha upumue. Nyinyi mmeuziba pua na mdomo." Nimeisoma habari hii baadaye na ndivyo ilivyo. Jiwe la matumbawe lina matundu madogo madogo, na maji ya ardhini huyapanda kama mafuta yanavyopanda utambi. Chokaa nayo ina matundu, kwa hiyo maji yakifika kwenye lipu ya chokaa hutoka nje yakawa mvuke, karibu na pale yalipoingilia. Saruji ni nzito, na rangi ya mafuta au ya plastiki ni nzito zaidi. Maji yakikuta mlango umefungwa hayarudi chini, yanaendelea kupanda kutafuta pengine pa kutokea. Na chumvi yanayoibeba, yakikauka, huganda ikavimba ndani ya lipu na kuisukuma mpaka ibanduke. Zile pesa nilizolipa mwanzo zilinunua kimo cha unyevu, basi.

Mji Mkongwe upo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kugusa nyumba kunataka kibali cha Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe. Nilikwenda, nikajaza fomu. Usiruke hatua hii.

Kazi ilianza Juni, masika yamekwisha na kipupwe kimeingia. Fundi mwenyewe ndiye aliyechagua wakati. Jua kali la kaskazi hulikausha tabaka la chokaa haraka mno likapasuka, na mvua nayo haitaki. Kwanza akatengeneza mlizamu mpya, mrefu, unaomwaga maji katikati ya kichochoro. Fundi bomba akaziba choo cha juu. Kisha vijana wake wawili wakabandua kwa nyundo na tindo saruji yote ya wale wa mwanzo, mpaka jiwe likaonekana, kimo cha mita mbili. Wakang'oa na safu moja ya vigae inayofuata ukuta. Vumbi lilikuwa halisemeki. Funika kila kitu, toa kila kinachotoleka, na mwenye kifua asilale nyumba hiyo wiki ile.

Baada ya hapo kikaja kitu ambacho kingenigombanisha naye lau ami hakunituliza: aliacha ukuta uchi kwa wiki tatu. Hakuna fundi, hakuna kazi, madirisha wazi mchana kutwa, mlango wa uani wazi, na sisi tunatazama mawe. Kila siku mbili kijana wake mmoja alipita na brashi kavu akakung'uta chumvi iliyotoka juu ya mawe, akaizoa akaitupa nje. Siku za mwanzo alizoa karai zima kutoka kuta mbili. Wiki ya tatu haikujaa hata kikombe. Uvundo ulianza kutoweka katika wiki hizo, kabla hata mwiko mmoja wa chokaa haujagusa ukuta.

Chokaa yenyewe ilikuwa imeshalowekwa zamani. Alileta mapipa mawili kutoka kwake, ya chokaa aliyoizima miezi kabla. Mawe ya chokaa yakitoka tanurini huwa makavu na mepesi. Ukiyatia maji yanachemka, yanatoa mvuke na kupasuka, na hakuna anayesogea karibu. Ikishapoa huachwa chini ya maji, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Nilichovya kidole, nami nikashangaa: ilikuwa laini mfano wa samli iliyoganda, haina chembe. Akanivuta mkono akanimiminia maji mara moja, kwa sababu chokaa mbichi huunguza, na ikiingia jichoni ni jambo la hospitali. Vijana wake walivaa glovu na miwani, na ndoo ya maji safi haikuondoka karibu yao.

Alichanganya karai moja ya chokaa kwa karai tatu za mchanga, mchanga aliouchekecha mwenyewe. Mchanga wa pwani aliukataa, una chumvi, na chumvi ndiyo tunayoifukuza. Saruji hakutia hata kijiko. Nilimuuliza kama tutie kidogo ili ishike haraka, akaniambia ikiwa nataka haraka nitafute mtu mwingine. Alisema kwa upole, ila alimaanisha.

Matabaka yalikuwa matatu, kila moja jembamba. Kila mara aliulowesha ukuta kwanza, akatupa chokaa kwa mwiko kwa nguvu iingie baina ya mawe, akaisawazisha kwa bao, kisha akatundika magunia yaliyoloweshwa maji mbele yake ili isikauke kwa pupa. Siku sita au saba hivi baina ya tabaka na tabaka. Chokaa haishiki kwa kukauka tu kama udongo, inashika kwa kunywa hewa pole pole mpaka inarudi kuwa jiwe. Mwisho wa yote niru, yaani lipu laini ya juu ya chokaa, iliyosuguliwa kwa mwiko mpaka ikawa laini, na mikono mitatu ya chokaa nyepesi kwa brashi, kama aliyokuwa akipaka bibi. Mkono wa kwanza ulipopakwa sikuona kitu, ukuta ulikuwa wa kijivu kilekile. Nikadhani imekwenda vibaya. Nikarudi baada ya saa mbili, weupe ulikuwa unajitokeza wenyewe, polepole, kuanzia pembeni.

Kwa hesabu: siku za kazi zilikuwa 19. Fundi kwa siku 40,000, vijana wawili 20,000 kila mmoja, jumla 1,520,000. Chokaa, mchanga, mlizamu, bomba na fundi bomba 580,000. Jumla 2,100,000, kazi iliyochukua karibu miezi miwili ukihesabu na siku za kusubiri. Ni ghali kuliko saruji. Lakini ukilazimika kuipiga saruji mara mbili pamoja na rangi zake, ghali inahamia upande wa pili.

Naandika Julai 2025, masika mengine yamepita juu ya kuta hizi. Chumba cha bibi hakina koga. Nimepitisha mkono nyuma ya kitanda, nyuma ya kabati, ndani ya vidaka, na nimeweka foili tena kwa siku mbili katikati ya mwezi wa tano: ukungu mwepesi nyuma yake, matone hakuna. Ukuta bado unabadilika rangi sehemu ya chini mvua zikizidi, unakuwa mzito kidogo, halafu jua likitoka siku mbili unarudi mweupe. Fundi alinionya nisilihesabu hilo kuwa ni kasoro. Ndiyo kupumua kwenyewe. Mtoto amerudi chini kulala tangu Oktoba, na pampu yake ya pumu haijaguswa wakati wa mvua hizi. Sisemi chokaa ni dawa ya pumu. Nasema alikuwa akilala pembeni ya koga na sasa halali pembeni ya koga.

Kasoro zipo na nitazisema zote. Ukiegemea ukuta unatoka na unga, kwa hiyo ukumbini tumeweka mikeka ya ukili mgongoni pa kukalia. Ukuta haunyooki kama wa saruji, unafuata mawe, na kuna anayeuona mbaya. Huwezi kuupangusa kwa maji ya sabuni. Mtoto akiuchora, unapaka chokaa mahali hapo. Kila mwaka au miaka miwili unataka kupakwa. Fundi mwenyewe hapokei simu. Nilikuwa nikimfuata msikitini baada ya Alasiri. Na kazi haikumaliza kila kitu: pembe moja ya ukumbi, upande tunaochangia ukuta na jirani, bado inalowa, kwa sababu choo chao kipo nyuma yake. Jirani amekubali kitazamwe baada ya vuli. Mpaka hapo hakuna chokaa itakayoikausha, na fundi alinieleza hivyo siku ya kwanza, kabla hajapokea senti. Ningempa nyota tano bila kusita kama si simu na ile wiki ya vumbi ambayo hakutuonya vya kutosha. Nampa nne na nusu.

Dada yangu anayekaa Michenzani aliposikia haya akataka naye aletewe fundi. Tukabandika foili kwanza. Matone yakawa mbele, nyuma pakavu. Kuta za fleti zile ni zege na matofali ya saruji, maji hayapandi kutoka ardhini mpaka ghorofa ya nne. Koga yake ilitokana na nguo anazoanika chumbani wakati wa mvua, jiko lisilo na pa kutolea mvuke, na makabati yaliyobandikwa ukutani hewa isipite. Yeye hakuhitaji fundi. Amesogeza makabati kiasi cha upana wa kiganja, ameweka feni ya kutoa hewa dirishani jikoni, nguo anaanika ushorobani, na ameosha koga kwa sabuni na kitambaa, amevaa barakoa, kisha akapakausha kabisa. Jirani yake mmoja alimshauri achanganye jiki na siki ili iwe kali. Msifanye hivyo kabisa: mchanganyiko ule hutoa hewa ya sumu inayoharibu mapafu, na chumba kidogo kilichofungwa madirisha ni pahala pabaya zaidi pa kuijaribu.

Kasha la bibi limerudi chumbani, ila sasa limesimama juu ya vipande viwili vya mbao, na baina yake na ukuta mkono wangu unapita. Kisutu kimo ndani, pamoja na madoa yake. Uani limebaki pipa moja la chokaa, limefunikwa, maji yamesimama juu yake kiasi cha vidole vinne, na kila Ijumaa naongeza kibuyu kimoja isije ikakauka. Hiyo ni ya Shaabani.